Risala ya kikundi cha wanawake na vijana wa Mji wa Kale, Mombasa, kwa mgeni rasmi, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, 15 Oktoba 2020

Mheshimiwa mgeni rasmi, Chifu wetu, wazee wa mtaa na viongozi wa Nyumba Kumi, maimamu wetu, walimu mlioacha madarasa yenu kwa saa moja, mama zetu, vijana wetu: Assalaam aleykum. Hamjambo nyote.

Kwanza twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, maana mwaka huu haukuwa na huruma. Pili twakushukuru wewe, mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu. Barua yetu ya kwanza ilipotelea mapokezi, ya pili ikarudishwa kwa kukosa muhuri, ya tatu ndiyo iliyokuleta. Twaona ni bahati, kwa kuwa ziko barua nyingine tulizozipeleka ofisi mbalimbali tangu 2017, na hadi leo hatujui zimelala wapi. Karibu Mji wa Kale. Kiti ulichokalia ni mali ya kikundi, hatukukikodi.

Kikundi chetu kilianza 2014 na akina mama tisa waliokuwa wakicheza mchezo wa shilingi 200 kila Ijumaa. Leo tuko 46. Katika muda huo tumeinua uchumi wa mtaa kwa kiasi kikubwa: tuna viti vya plastiki 80 na sufuria nne za pilau za kukodisha harusini. Tumehifadhi mazingira ya bahari (tulisafisha ufuo, mara moja, 2018). Tumeendeleza michezo kwa vijana, yaani tulinunua mpira. Mengine yamo kwenye faili, na tunajua dereva wako hakuzima gari. Tuingie kwenye lililotufanya tukuite.

Mheshimiwa, bango lililo nyuma yako limeandikwa: nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Tumelipachika kwa heshima zote. Lakini hilo neno la mwisho ndilo lililotukesha usiku wa jana tukiandika risala hii.

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi. Tarehe 27 ikaanza kafyu, saa moja usiku kila mtu awe kwake. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa pamoja na Kilifi na Kwale, hakuna kuingia wala kutoka. Hayo tuliyapata sawa na wenzetu wote. Yetu peke yetu ni ya tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, tulipoambiwa kwamba Mji wa Kale hapa na Eastleigh kule Nairobi zinafungwa kwa siku 15. Kufumba na kufumbua, vizuizi na askari kila mdomo wa barabara. Soko la Marikiti likafungwa. Mosi ya Shawwali ikatukuta ndani, Idd tukaswali majumbani, watoto wakavishwa nguo mpya wakaishia kuchungulia madirishani. Zile siku 15 zikaongezwa, zikawa mwezi mzima. Mwenyekiti alinikataza kusema hili, nami nitalisema kwa adabu: katika yote tuliyowahi kuahidiwa, hilo ndilo pekee tulilopewa likazidi kipimo.

Maelekezo tulikuwa nayo tele. Gari la kipaza sauti lilipita asubuhi na jioni. Kaa nyumbani, vaa barakoa, nawa mikono sekunde 20. Asiyevaa barakoa, faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Tukavaa, na asiyekuwa nayo akashonewa na mafundi wetu. Ushauri wenyewe ulikuwa wa maana na hatuulaumu. Ila aliyeuandika bila shaka ni mtu ambaye akifungua mfereji hutoka maji.

Hapa petu mfereji hutoka upepo. Maji ya Mombasa yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho, Marere, Tiwi, na sisi tuko mwisho kabisa wa bomba, kisiwani, ndani ya vichochoro. Yakija huja usiku wa manane, mara moja kwa wiki au isiwe. Siku nyingine zote tunanunua kwa wenye mikokoteni. Sasa fikiria, mheshimiwa, siku vizuizi vilipowekwa, wale vijana wa mikokoteni wengi wao walikuwa wamelala nje ya kizuizi. Asubuhi wakaja, wakarudishwa. Wawili watatu waliokuwa ndani ndio waliobaki kuuza, na bei ikawa ni ile uliyotajiwa mlangoni kwako, si ile ya jana.

Tulipiga hesabu, na hesabu yetu si ya mtaalamu. Mtu akinawa kwa kopo la nusu lita, mara 10 kwa siku, na nyumba ina watu wanane, ni lita 40. Madumu mawili, ya mikono tu. Bado hujapika, hujafua, hujaogesha mzee, hujamwaga chooni. Wala kunawa hatukufundishwa na korona. Mwenye kuswali hutia udhu mara tano kwa siku, na wengi wetu udhu huo tulikuwa tukiutilia msikitini, penye kisima na birika. Misikiti ilipofungwa mwezi Machi, watu walisikitikia swala ya jamaa na tarawehe. Akina mama walisikitikia pia ule mfereji wa ukutani, ambapo mtoto alikuwa akitumwa na dumu lake baada ya Alasiri. Hilo sijalisikia likitajwa katika mkutano wowote wa kamati yoyote.

Kikundi hakikukaa kimya. Vijana walitengeneza vibuyu chirizi 12, vyombo vya kutundika vinavyochiriza maji ya kunawia, kwa madumu ya mafuta ya lita tano, wakavitundika kila penye duka. Chakula cha msaada kilipokuja, kila nyumba ilikuwa imehesabiwa mlango mmoja, na nyumba zetu hizi za ghorofa mlango mmoja huingiza familia tano au sita. Tukapanda ngazi moja moja, tukaandika majina upya, wazee wa mtaa wakayapokea na orodha ikarekebishwa. Twashukuru kwa unga, mchele na maharagwe tuliyopata. Maharagwe hayo, ambaye amewahi kuyapika atashuhudia, hunywa maji kuliko ngamia.

Vibuyu chirizi vilidumu siku nne. Havikuharibika. Vilikauka.

Ndipo tukarudi kwenye kisima cha mtaa, kile kilicho hatua 40 kutoka hapo ulipo, nyuma ya ukuta wenye alama nyekundu. Hakuna kati yetu anayejua kilichimbwa lini. Bibi zetu walikikuta. Na hapa naomba radhi, mheshimiwa, kwa kuwa sehemu inayofuata hatukuiandika jana. Tumeinakili kutoka risala tuliyomsomea mgeni rasmi wa 2017, neno kwa neno, kwa sababu hakuna lililobadilika la kutufanya tubadili sentensi:

"Kisima chetu kina maji mwaka mzima lakini hakina kifuniko, mdomo wake umepasuka, na maji huvutwa kwa ndoo na kamba. Mashimo ya vyoo yako karibu nacho, kwa hivyo hatuthubutu kuyanywa, na hatujawahi kupimiwa. Tunaomba kisima kijengewe, kifungwe, kiwekwe pampu na tangi, na maji yapimwe na kutiwa dawa."

Mwisho wa kunakili. Tarehe tu ndiyo tofauti, na ya kwamba mwanachama aliyeisoma siku ile leo ni marehemu.

Mgeni wetu wa 2017 alipigiwa vigelegele. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, naye akasema ndani ya wiki mbili pampu itakuwa imefungwa. Kweli, wiki ya pili akaja kijana na futi ya kupimia, akapima, akapaka ukutani ile alama nyekundu, akaondoka. Alama bado ipo, na rangi ile ni nzuri kwa kweli, mvua za miaka mitatu hazikuifuta. Mgeni wa 2019 alituwekea jiwe la msingi mahali pa kujengea tangi. Tulikata utepe. Jiwe hilo sasa ni goli la watoto upande wa kibla. Mwezi Mei mwaka huu, tukiwa tumefungiwa, yaliletwa matangi mawili ya kunawia yenye picha kubwa ya aliyeyaleta. Twamshukuru. Yalijazwa mara tatu, na mara zote tatu kulikuwa na kamera. Tangu hapo matangi yako pale penye kona. Picha inatabasamu usiku na mchana, maji ndiyo hayapo.

Hatusemi haya kukulaumu. Tumearifiwa kwamba umeingia ofisini majuzi, na kwamba mengi haya yalitangulia kuja kwako. Lakini mheshimiwa, wenye kukalia kiti hubadilika, kiti kikabaki, nasi tunakiandikia kiti.

Mwezi ule tulivuta maji ya kisima kwa zamu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri kafyu ilipoisha. Ungeona foleni ile ungeshangaa: tuliambiwa tukae mbali mbali, na kamba ya ndoo ni moja, inashikwa na mikono 60 kabla ya jua kuchomoza. Tuliweka mtu mwenye sabuni hapo mdomoni. Sasa maji yetu ni ya chumvi, na maji ya chumvi hayashiki sabuni. Unasugua, povu halitoki, unasugua tena, sabuni inaisha. Bi mmoja akasema hizo sekunde 20 za serikali hapa ni dakika. Kijana mmoja aliteleza kwenye mdomo uliopasuka akavunjika mkono. Tulimshukuru Mungu kwamba aliangukia nje.

Na jambo hili halikuisha Julai njia za kaunti zilipofunguliwa. Jumatatu hii, tarehe 12, watoto wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wamerudi shule. Walimu hawa hapa ni mashahidi: kila mtoto ameambiwa aje na barakoa, na katika shule zetu mbili za mtaa ameambiwa pia aje na chupa ya maji ya kunawia. Mtoto anatoka nyumba isiyo na maji kwenda shule isiyo na maji, akiwa amebeba maji.

Tunajua huenda ukatueleza kuhusu bwawa la Mwache kule Kwale. Tunalisikia, tunaliombea dua likamilike. Lakini bwawa ni kubwa na ombi letu ni dogo, na tusingependa kidogo kiwekwe foleni nyuma ya kikubwa.

Ombi letu basi ni lile lile la 2017. Mdomo wa kisima ujengwe na ufungwe. Iwekwe pampu, ya sola ikiwezekana, maana ya stima tutaulizana nani analipa tokeni. Tangi moja la lita 10,000 liinuliwe juu ya lile jiwe la msingi, ili jiwe nalo lipate kazi liliyowekewa, na mabomba yashuke vichochoro vinne. Aje mtu wa afya ya jamii ayapime maji, atuambie ukweli hata kama ni mchungu, na dawa ya klorini iwe inaletwa kila mwezi kwa tarehe inayojulikana. Hatuombi ya kunywa. Tunaomba ya kunawa, ya kufua na ya choo, ili fedha kidogo tulizonazo zinunue ya kunywa tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sisi tumeanza na ya chumvi.

Kwa upande wetu, tumechanga shilingi 61,350, na fedha zipo benki, mweka hazina amekuja na taarifa. Fundi wa mtaa amejitolea nguvu zake. Vijana watachimba mitaro ya mabomba bila malipo. Kamati ya watu saba imechaguliwa kusimamia, wanne kati yao wanawake, na mlango wa ukuta utakuwa na funguo mbili zisizokaa nyumba moja.

Kabla sijakaa, mheshimiwa, pale mlangoni ulipoingia ulinawa mikono kwenye ndoo yenye mfereji, na msafara wako wote ukanawa. Tulifurahi. Maji yale ni madumu sita, yalinunuliwa leo asubuhi, na ya pilau utakayokula ni manane. Risiti hatuna, mwenye mkokoteni hatoi risiti.

Risala hii ina nakala mbili, moja yako na moja ya faili letu. Chini ya kila nakala tumeacha mstari wa jina, mstari wa saini, na mstari wa tarehe ya mtu kuja kuanza kazi. Safari hii tarehe tunaomba uiandike wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kabla ya chakula. Kalamu ipo hapo mezani, karibu na maua.

Ni sisi wanakikundi.
Imesomwa na katibu.