Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia hiyo Celica

Moshi, Jumapili usiku

Mwanangu, kitindamimba wangu,

Marahaba. Huku hatujambo, presha ya baba yako imetulia na migomba imeanza kupata maji. Ujumbe wako wa sauti kuhusu Toyota Celica ya mtumba unayotaka kununua huko Arusha niliusikiliza dukani kwangu kwa spea wateja wakiwa wamenizunguka, nikaurudia usiku nikiwa nimetulia. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu huwa unasema "sawa mama" kabla sijamaliza kuongea.

Kwanza, sikukatazi. Hela ni yako, hujaikopa popote, na gari la milango miwili si dhambi. Dada zako walichukua Noah na IST kwa kuwa walikuwa na watoto na mizigo. Wewe una begi la kompyuta na raba za mazoezi. Kinachonisumbua ni kwamba umenieleza rangi, rimu, redio, mpaka sauti ya ekzosi, lakini hukuitaja hata mara moja ile njia ya kutoka kwenye lami mpaka getini kwako Moshono. Watu watakusifia mjini, ila maisha ya gari hilo yataamuliwa na hicho kipande cha mwisho. Mimi nashinda nyuma ya kaunta nikiwaona wanaoingia na spea iliyovunjika mkononi, wakiuliza kama ninayo ya namna hii. Wenye magari ya chini ni nadra kunijia kwa ajili ya injini. Wanakuja na bushi zilizokatika, boljointi, shokapu inayovuja, na picha ya bampa lililofungwa kwa waya.

Baba yako ndiyo kabisa, yuko upande wako. Ukitaja Celica tu anaanza Safari Rally: Björn Waldegård 1984 na 1986, Juha Kankkunen 1985, Waldegård tena 1990, Carlos Sainz 1992, mpaka Ian Duncan wa Kenya mwaka 1994. Ni kweli, wote hao walishinda na Celica. Lakini zile za miaka ya tisini zilikuwa GT-Four, zina turbo ya kuisukumia injini hewa zaidi, zinavuta magurudumu yote manne, na nyuma yake kuna timu nzima ya mafundi na lori la spea. Unayoitaka wewe ni ya toleo la mwisho, lililotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006, injini ya lita 1.8 isiyo na turbo, inavuta kwa magurudumu ya mbele kama IST ya dada yako. Baba yako anaendesha Safari akiwa kwenye kochi, usimsikilize sana.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe. Muulize muuzaji namba ya chesisi. Ikianza na ZZT230, ndani kuna injini ya 1ZZ. Ikianza na ZZT231, ni 2ZZ. Hiyo 1ZZ ndiyo iliyomo kwenye Wish ya 1.8, kwenye Premio na Allion za zamani za 1.8, hata RAV4 Kilitime ya 1.8. Plagi, koili, pampu ya maji, gasketi, hakuna utakachokihangaikia, na fundi yeyote wa maana Arusha au Moshi ameshaifungua. 2ZZ ni habari nyingine. Toyota waliitengeneza pamoja na Yamaha, zile za Japani zinatoa nguvu farasi 190, ila utamu wake unakuja injini ikishapita mizunguko 6,000 kwa dakika. Kati ya Tengeru na Boma Ng'ombe, kwa vibao vya 50 vile na askari wenye tochi za kupimia spidi, utaufungulia wapi? Utalipia farasi usiowapanda. Tena Arusha iko juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Wale farasi 140 na kitu wa 1ZZ wanabaki 120 na kidogo. Kwa gari jepesi kama lile wanatosha kabisa. Chukua 1ZZ.

Ila 1ZZ za miaka ya mwanzo zina ugonjwa wake: zinakula oili. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na machache, yanaziba kwa masizi, ringi zinaganda, oili inaungua. Toyota walikuja kubadilisha pistoni baadaye. Kwa hiyo kama ni ya 2000 au 2001, usikague mchana ikiwa imeshazungushwa mjini. Nenda asubuhi, bila kumpa taarifa ya saa kamili. Weka kiganja juu ya boneti kwanza. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujafika, na anayefanya hivyo ana kitu anachokificha. Mwambie utarudi kesho. Ikiwa ya baridi, chomoa kijiti cha oili uone kiwango na rangi, ndipo iwashwe. Halafu tafuta mteremko, mwenye gari ashuke bila kukanyaga mafuta, gari likiwa kwenye gia, wewe ukifuata nyuma na bodaboda au gari la rafiki yako. Akifika chini akanyage. Ukiona wingu la bluu linatoka ekzosi, hilo siyo "la asubuhi tu" kama watakavyokuambia.

Washa swichi bila kuwasha injini, utazame taa za dashibodi. Ya injini na ya eabegi lazima ziwake kisha zizime zenyewe. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki imewaka, maana kuna mtu amechomoa balbu. Kata usukani mpaka mwisho, uzunguke polepole kulia, kisha kushoto. Ukisikia tak-tak-tak magurudumu ya mbele, CV joint, kile kiungio cha ekseli na gurudumu, imekwisha. Fungua mlango, uushike kwa chini na uunyanyue. Milango ya gari la namna hii ni mirefu na mizito, bawaba huchoka, na mlango unaocheza mkononi utakusumbua kufunga na kuingiza maji ya masika. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, utazame bati la chini. Bati lililokunjamana au rangi isiyofanana na ya pembeni maana yake imeshagongwa nyuma, hata kama bampa linang'aa.

Kisha ipeleke gereji yenye shimo. Siyo gereji ya rafiki yake. Ingia mwenyewe shimoni na tochi ya simu, usiridhike na kuambiwa. Tazama sampo, lile bakuli la oili chini ya injini: mikwaruzo ya kawaida siyo tatizo, lakini ukiona imechomelewa, uliza iligonga nini na injini ilizimwa baada ya muda gani. Hapo ndipo injini nyingi zinapofia, mtu amegonga jiwe, oili imemwagika, naye ameendelea mpaka nyumbani kwa sababu kulikuwa karibu. Angalia kama shokapu za mbele zimewekewa spesa, vile vipande vya kuongeza kimo. Wengi wanazinyanyua ili zipite matuta, na siyo kosa, ila zikinyanyuliwa kupita kiasi ekseli zinakaa vibaya na mipira ya CV inapasuka mapema. Na zilizoshushwa kwa kukatwa springi, achana nazo hata kwa nusu bei.

Matairi yana namba nne kwenye duara dogo la pembeni. Ikisomeka 2318, ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kashata (meno ya tairi) nzuri kwenye tairi la zamani hazikusaidii kitu kwenye lami yenye maji.

Najua utaniuliza kwa nini usiagize mwenyewe kutoka Japani upate iliyotulia. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujaota. Ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa huo, halafu ada ya uchakavu asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10, na Celica zote zimeshazidi, juu yake VAT asilimia 18. Vinapandiana, kimoja kinatozwa juu ya kingine, mpaka kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari pamoja na usafiri wake. Na thamani hiyo wanaitazama wao kwenye orodha yao, siyo risiti yako. Ndiyo maana yenye namba D, iliyokwisha kusajiliwa hapa nchini na kutunzwa vizuri pale Njiro, inaweza kuwa nafuu kuliko unayoidhania rahisi mtandaoni.

Ile Mazda RX-8 uliyosema mwenzako anaiuza kwa bei ya kutupa, muache nayo. Usidanganywe na lita 1.3. Injini yake haina pistoni, ina rota zinazozunguka, inachoma oili kwa jinsi ilivyoundwa, na ukiiwasha baridi ukaisogeza hatua chache ukaizima inaweza kulewa petroli isiwake tena. Hapa Moshi sijui fundi wa kumkabidhi injini hiyo, na spea zake siziagizi. Toyota 86 ni gari zuri, tena inasukuma kwa nyuma kama gari la michezo linavyotakiwa, lakini injini yake ni ya Subaru, silinda zimelala, kubadilisha plagi tu ni kazi ya kutoa jasho. Ukipandishwa cheo tutazungumza.

Kuhusu bajeti nisikilize vizuri. Usiingie na hela yote. Theluthi yake ibaki benki, na isiguswe kwa rimu. Spea za injini nitakupa kwa bei ya mama, ila taa kubwa za mbele, vioo, mashavu na bampa za Celica siyo za Wish wala za Premio. Ukivunjiwa taa Kijenge na bodaboda, utazunguka kutafuta ya mtumba, na ukiipata utaambiwa bei ya siku hiyo. Ndiyo maana nataka ukate bima kubwa. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe unabaki na gari lako kwenye mawe.

Makaratasi hayana maneno mengi. Kadi halisi, siyo picha; jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia; namba ya chesisi isomwe kwenye bati, siyo kwenye karatasi; deni la trafiki liangaliwe mtandaoni kwa namba ya gari; mkataba usainiwe kwa wakili, na umiliki uhamishwe TRA wiki hiyohiyo. Akikuambia kadi iko benki, ujue gari bado ni la benki.

Ukishalipata, kuendesha ni kujifunza upya, hata kama leseni unayo. Unakaa chini, na dereva wa Fuso haoni gari lililo chini ya kioo chake. Usikae pembeni yake. Ama umpite ukamaliza, ama ubaki nyuma. Matuta ya Usa River na Kikatiti uyapande kwa mshazari kidogo, gurudumu moja kwanza, kama nyuma hakuna anayekuharakisha. Ukiteremka bonde la Kikafu kuja huku, usining'inie kwenye breki mpaka darajani. Rudisha gia mapema, hata kama ni otomatiki toa kwenye D, injini ndiyo ishike gari, breki uzitunze kwa ajili ya ng'ombe au basi lililosimama ghafla. Na mvua ikinyesha, gari linalovuta kwa mbele hukosea kwa pua: unakata usukani, lenyewe linaendelea moja kwa moja. Usiongeze kukata, wala usikanyage breki kwa nguvu. Legeza mafuta taratibu, usubiri matairi yashike. Kajifunzie kwenye uwanja mtupu wenye vumbi, siyo kona ya Maji ya Chai.

Desemba mkija nyumbani kuhesabiwa kwa Krismasi, Celica iache hapa kwetu mjini, Uru kwa bibi tutapanda wote kwenye Noah ya dada yako. Ile njia ya mawe baada ya kanisa unaijua. Bibi ataliona gari kwenye simu, na najua atakachouliza: watoto watakaa wapi. Jibu lake tafuta mwenyewe.

Jumamosi usilipe chochote, hata ile "hela ya kushikilia". Kakague, ingia shimoni, kisha nitumie namba ya chesisi na picha ya sampo. Kama ni ZZT230 na sampo haijachomelewa, mwambie utamlipa Jumatatu. Pedi za breki za mbele usinunue huko. Mtu wa Dar ananitafutia za kwako, zitakuja na mzigo wa Alhamisi.

Mama yako