Barua kwa mwanangu: gari-nyumba ikishuka Mkoani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimeusoma mswada wako wa filamu wote, tangu familia inapopakia gari Unguja mpaka inapofika Kigomasha, halafu nikaurudia kuanzia pale meli inapotia nanga Mkoani. Mchezo wa kuchekesha wa familia inayosafiri kwa gari-nyumba ni jambo jema, na kwamba umechagua kuuleta Pemba kumenifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Umeniomba nikwambie kweli, basi nakwambia.

Gari umeileta, lakini umeiletea na barabara yake. Baba anapotea njia, tairi linapasuka, tangi la choo linamwagika, watoto wananuniana, baba analia, wote wanapatana. Hayo ni ya Marekani na huko yana sababu. Kutoka New York mpaka Los Angeles ni kama kilomita 4,500. Tangu ile sheria yao ya barabara kuu ya mwaka 1956, mtu anaweza kuendesha kutwa nzima asikutane na yeyote anayemjua babu yake. Gari-nyumba imetengenezwa kwa safari ya namna hiyo: ina jiko, vitanda, choo, tangi la maji safi na matangi ya maji machafu, na jioni inaegeshwa kwenye kiwanja maalumu chenye umeme wa kuchomeka na pahala pa kumwagia uchafu. Familia iliyomo haimhitaji mtu. Ikigombana inagombana peke yake, kwa hiyo kichekesho lazima kitoke humo humo ndani.

Pemba, ncha kwa ncha, ni kilomita 67 hivi. Ukitoka Mkoani asubuhi, ukapita Chake Chake, ukafika Konde na kuvuka msitu wa Ngezi, kabla ya adhuhuri uko Kigomasha kwenye mnara wa taa na safari imekwisha. Wewe umeiona taabu hii, ukaitibu kwa kuiharibu gari kila baada ya kurasa chache. Huna haja. Gari iwe nzima, mafuta tele, dereva hodari, na bado safari itachukua siku nne. Watacheleweshwa na jamaa.

Fikiria mwenyewe. Gari yenye vitanda sita inapanda kilima kutoka bandarini Mkoani. Habari imeshafika Kengeja kabla wao hawajabadilisha gia. Shangazi yake baba anatoka barabarani na kanga yake, anasimama katikati ya njia mpaka gari isimame, na swali lake ni moja tu: mtalala wapi? Baba anajibu kwa fahari kwamba watalala garini, kila kitu kimo. Huyo bibi ana nyumba. Ameshaisakifu, amepanga vitanda vinne, ana kuku na mbatata na nazi. Mtoto wa kaka yake analala nje mbele ya mlango wake, kwenye gari, kama kwamba yeye hayupo! Hasemi neno. Anakwenda kukaa barazani, anajifunika kanga kichwani. Baada ya dakika kumi majirani wamekuja kumpa pole.

Hapo mwanangu sikuhitaji tairi kupasuka. Nilicheka peke yangu jikoni nikiyafikiria tu, na mama yako mdogo alipokuja na mimi kumhadithia, alicheka mpaka akakaa chini. Kwa sababu tunaijua sura ile ya barazani. Sote tumewahi kuiogopa.

Basi familia inashuka, inalala ndani kwa shangazi. Na garini nani analala? Watoto wa mtaa mzima, wamejipanga kwenye vitanda vya juu na vya chini, na mmoja kwenye usukani. Siku ya pili hivyo hivyo Chake, kwa ami. Siku ya tatu Wete, kwa upande wa mama, na huko mambo ni mazito zaidi kwa sababu upande wa mama umeshasikia kwamba upande wa baba walichinja kuku wawili. Gari inaondoka kila asubuhi imejaa kuliko ilivyokuja: mikungu ya ndizi, shokishoki, jogoo hai kwenye sinki, halua ya Wete, mkate wa kumimina, na kijana mmoja anayeomba afikishwe Konde tu. Familia hiyo isilale garini hata usiku mmoja. Huo ndio mchezo wako, na hakuna Mmarekani atakayeweza kukuandikia.

Sasa kuhusu choo, maana umekipa kurasa nyingi sana. Kumwagika kwa uchafu kunachekesha mara moja. Kuna jambo lililo bora zaidi na umelipita bila kuliona: umempakia mama mkwe. Baba wa mchezo wako anasafiri na mavyaa wake kwenye chumba kimoja chenye upana wa mikono miwili, na choo kina ukuta mwembamba kama wa kabati, hatua moja kutoka meza anapokaa bibi akivuta tasbihi. Mwanamme gani wa Kipemba ataingia humo? Hataingia. Atafia usukanini. Kwa hiyo atakuwa na tabia ya kukagua matairi mbele ya kila msikiti, maana misikiti ina vyoo na maji, na barabara hiyo ina misikiti mingi. Bibi wa watu hajui. Anaona mkwewe anasimama msikitini kila baada ya mwendo mfupi, tena hata wakati si wa sala, na moyo wake unamlainikia. Anamnong'oneza bintiye kwamba alimdhania vibaya mume huyu, kumbe mcha Mungu. Na binti anajua sababu, na hawezi kusema.

Hapo usimfanye bibi mjinga. Nakusihi sana. Katika mswada wako bibi anaogopa friji, anadhani sauti ya ramani ni jini, anaiombea gari dua kwa kuitemea mate. Nilisikitika. Wanawake wa umri huo wa hapa wamechuma karafuu juu ya mikarafuu yenye kimo cha nyumba, wamesomesha watoto, wamevuka mkondo kwenda Tanga kwa jahazi. Simu wanazo. Acha bibi awe ndiye mwenye akili kuliko wote mle garini, awe na haki katika kila analolisema, na kicheko kitoke kwa wale wanaojaribu kumficha mambo. Watazamaji wetu humheshimu bibi hata wanapocheka, na ukimdhalilisha watanyamaza. Umewahi kukaa Ngome Kongwe usiku wa tamasha la filamu la ZIFF, umewasikia watu wa Zanzibar wanavyocheka kwa sauti na kujibizana na pazia. Umewasikia pia wanavyonyamaza.

Na uchawi uutoe wote. Ninajua kwamba huko uliko, mtu akisikia Pemba jambo la kwanza analolitaja ni uchawi, na kwamba utani huo utapata kicheko cha haraka. Sisi tunaoishi hapa tumeuchoka. Mtoto anakwenda skuli bara, akisema ametoka Wete anaulizwa kama anaruka na ungo. Wewe pia uliulizwa, ukaniandikia, na ulivyoandika siku ile sikusahau. Usiwape tena.

Nirudi kwenye gari, maana kuna mambo yake ya kweli yatakayokusaidia. Umesema imeletwa kutoka Marekani. Kule wanapita mkono wa kulia, kwa hiyo mlango wa chumba cha nyuma umewekwa ubavu wa kulia, upande wa ukingo wa barabara. Sisi tunapita mkono wa kushoto. Mlango huo kwetu unafungukia katikati ya njia! Kila bibi anaposhuka, anashukia mbele ya daladala. Dereva anafunga breki, anazima injini, anasema shikamoo. Bibi anaitikia marahaba, anamtazama vizuri, anamuuliza yeye mtoto wa nani. Dereva anajibu. Kumbe ni mjukuu wa dada yake wa kunyonya. Abiria wote wanashuka kusalimia. Baba anatazama saa, na hapo wako bado Mtambile.

Umeme nao. Vifaa vya gari hiyo vimeundwa kwa volti 120, na umeme wetu, huu unaokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, ni volti 230. Kijana wa ami, mwenye mapenzi tele na aliyesomea ufundi kidogo, anapitisha waya dirishani usiku ili wageni wasikose baridi. Friji inakufa. Ndani mna nyama na samaki ya siku nne. Basi vyote vinapikwa usiku ule ule, majirani wanaitwa, masufuria yanatolewa uwani, na usiku wa msiba unageuka karamu. Usimruhusu mtu amgombeze kijana. Bibi amkate kipande kizuri kuliko cha wengine.

Sehemu ya karafuu nimeipenda mno, ile ambapo gari inakuta karafuu zimeanikwa kwenye mikeka pembeni mwa barabara na baba hajui apite wapi. Iache kama ilivyo, iongeze tu. Ukiandika msimu wa mavuno, kumbuka kwamba karafuu inauzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na magendo ya kwenda Kenya yamekuwapo miaka na miaka, kwa hiyo gari kubwa iliyofungwa madirisha, yenye makabati kila upande na inayonukia karafuu, haitapita hivi hivi. Itakaguliwa. Harufu ni ya bibi, anaweka karafuu katikati ya kanga zake. Askari kijana anafungua kabati la kwanza, anakuta kanga. La pili, jogoo. La tatu, kijana wa Konde amelala. Mwache askari awe na adabu wakati wote, awe anaomba radhi kwa kila kabati. Adabu yake ndiyo itakayochekesha.

Kitu kimoja naomba ukiongeze. Wapeleke Pujini. Kuna magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye wazee wanamsimulia kwa ukali wake, na kuna kisima. Husemwa kwamba alikuwa na wake wawili wasiopatana, kwa hiyo kikajengwa ukuta kukigawa: mmoja alichota kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwengine alishuka kwa ngazi, wasionane. Baba wa mchezo wako, baada ya siku tatu za upande wake na upande wa mkewe kushindana kwa kuku, asimame pale akisikiliza kisa hicho. Usimpe maneno. Kamera imtazame yeye, halafu imtazame mavyaa wake, halafu mkewe, na wote watatu wakitazama ule ukuta. Mtu aliyekuwa na ngome na watumwa alihitaji ukuta ndani ya kisima, na huyu maskini garini mwake ana pazia la maua lililofungwa kwa uzi.

Mwisho wako wa Kigomasha, wanapokumbatiana ufukweni Vumawimbi jua likizama, mimi ungeniuliza ningeuondoa. Watu wetu hawakumbatiani hadharani hivyo, mkwe na mavyaa hata kidogo. Wafike, ndiyo, na hatimaye pawe pahala pasipo jamaa, wafurahi kwamba leo watalala kwenye gari yao. Mashuka yatandikwe. Bibi akiwa nje anatazama bahari, apite mvuvi na pweza wake mkononi, amsalimie. Bibi amuulize yeye mtoto wa nani. Ukate hapo hapo.

Nitumie kwanza kurasa za Wete ukizimaliza, kabla ya hizo nyengine. Nitazisoma kwa sauti mbele ya mama zako wadogo na shangazi yako, na popote watakapocheka nitatia alama kwa wino, na popote shangazi yako atakaposema "sisi hatusemi hivyo" nitaandika namna tunavyosema. Baba'ko anakusalimu na ameuliza kama gari hiyo inaweza kweli kupanda kilima cha Mkoani ikiwa imejaa. Mjibu, maana ananiuliza mimi kila siku.

Mama yako,
Wete