Sabuni ya mwani haiondoi soriasisi

Haipiti wiki bila mtu kuingia dukani kwetu hapa Chake Chake, akakunja mkono wa kanzu au akapandisha buibui kidogo, akatuonesha kiwiko kilichojaa magamba. "Hii sabuni yenu ya mwani itaniondolea?" Haitakuondolea. Jibu hili hutupotezea mauzo, lakini tushachoka kuona watu wanarudi baada ya miezi miwili na uso wa lawama.

Soriasisi si choa wala haiambukizi, hata mkichangia taulo. Ni kinga ya mwili iliyokwenda kombo: ngozi ambayo huchukua kama mwezi kujibadilisha, inajibadilisha kwa siku chache, seli zikarundikana zikawa magamba. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huwa ya zambarau au kahawia iliyokoza, si mekundu kama kwenye picha za mtandaoni, ndiyo maana wapo wanaopakwa dawa ya fangasi miezi na miezi. Sabuni laini na mafuta ya nazi hulainisha magamba na kupunguza mwasho. Basi.

Sasa lile tunaloona haya kulisema kaunta mbele za watu: uzito. Wengi wanaotujia ni watu wa kazi za kukaa, madereva, walimu, wauza maduka, miaka thelathini hadi hamsini, na kitambi kimeshatangulia. Mafuta ya tumboni si gunia lililolala ghalani. Yanatoa kemikali zinazowasha uvimbe mwilini, na mojawapo, TNF-alfa, ndiyo hiyo hiyo inayochochea mabaka ya soriasisi. Wauguzi wanawake zaidi ya 78,000 wa Marekani walifuatiliwa kuanzia 1991 hadi 2005. Waliokuwa na BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 35 na zaidi walipata soriasisi zaidi ya mara mbili kuliko wembamba. Na kwa aliye nayo tayari, unene mara nyingi huenda na mabaka mengi zaidi. Hapo pana mzunguko mbaya: ngozi inakuaibisha, viungo vinauma, hutoki nyumbani, unazidi kunenepa.

Wembamba pia wanaugua, kwa hiyo asije mtu akamwambia mwenziwe kajitakia.

Je, kupungua kunasaidia? Denmark waliwachukua wagonjwa 60 wenye unene, nusu wakapewa mlo wa kalori chache. Baada ya wiki 16 walikuwa wamepungua kilo 15 hivi kuliko wenzao. Ngozi ilielekea kupata nafuu, ingawa si kwa kiasi cha kuthibitika kihesabu. Kilichodhihirika ni kwamba maradhi yalipunguza kuwasumbua katika maisha yao ya kila siku. Sisi tunaliona hilo si dogo. Mtu wa kilo 95 si lazima afike 65. Kilo tano hadi tisa ni mwanzo mzuri. Na kama unauliza uanzie wapi, anzia kwenye chai: vijiko vinne vya sukari, vikombe vitatu kwa siku, na maandazi juu yake. Wali wa nazi tutauzungumza siku nyengine, tusije tukagombana.

Joto la kaskazi nalo lina lake. Kwa mnene, soriasisi hupenda kujificha chini ya matiti na kwenye kinena, haina magamba, inang'aa na kuuma kwa jasho. Hapo kausha vizuri, mwone daktari.

Ombi moja kwa Wapemba wenzetu: acheni kujipaka mafuta ya makonyo, yaani ya vikonyo vya karafuu. Yanaunguza, na ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa huweza kuota baka jipya pale pale. Krimu za kopo lisilo na lebo mziogope vile vile, baadhi huwa zimechanganywa dawa kali za steroidi. Na ukiamka vidole vimekakamaa au vimevimba, usingoje; soriasisi huweza kula viungo, na kilicholika hakirudi.

Mizani tunayo, na futi ya kupimia urefu, nyuma ya pazia. Kupima ni bure, ununue usinunue. Sabuni ya mwani isiyo na manukato ipo rafu ya chini. Ile ya karafuu, mwenye soriasisi hatumuuzii hata akisisitiza.