Saa Tatu, Saa Sita, Saa Tisa: Salamu za Pasaka

Kristo amefufuka! Najua utakavyoitikia: amefufuka kweli kweli.

Ndugu zangu wapendwa, heri ya Pasaka. Na kama salamu hii imekufikia katikati ya wiki, au hata wiki ya tatu, usidhani nimechelewa. Pasaka bado iko. Inaisha Pentekoste, siku ya hamsini.

Hapo ndipo kila mwaka pananikera kidogo. Kwaresima tunaijua. Tunafunga, tunahesabu siku, tunaulizana umeacha nini mwaka huu. Ijumaa Kuu tunalia, usiku wa Pasaka tunaimba mpaka sauti zinakauka. Ikifika Jumanne, kila mtu amerudi kwenye mambo yake, na ile furaha imekunjwa na kuwekwa sandukuni pamoja na nguo za sikukuu. Toba siku arobaini, furaha siku mbili! Wazee wa kanisa la mwanzo wangetushangaa, maana wao furaha ndiyo waliyoipa siku nyingi zaidi.

Tena waliiwekea sheria. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325, wale wale tunaowakumbuka kwa imani tunayoikiri, walitunga pia kanuni 20 za nidhamu. Ile ya mwisho kabisa inahusu magoti. Walisikia kwamba wako watu wanaopiga magoti siku za Jumapili na katika siku za Pentekoste, yaani hizi hamsini, wakaagiza wote wasali wamesimama. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Maaskofu wametoka kujadili kama Mwana ni wa umungu mmoja na Baba, halafu wanageukia magoti ya watu! Lakini waliona mbali. Kupiga magoti ni mkao wa mwenye kutubu. Katika Kigiriki walichokuwa wakisali, neno la ufufuo lina maana ya kusimama, kuinuka mtu aliyekuwa amelala. Kwa hiyo aliyesimama akasali alikuwa anaihubiri Pasaka kwa miguu yake, hata kama hana la kusema.

Basi mwaka jana nikasema na mimi nijaribu. Siku hamsini, mara tatu kwa siku, nisimame popote nilipo, nisali Baba Yetu, niendelee na kazi. Hiyo mara tatu sikuibuni. Iko katika Didake, kijitabu cha mafundisho ya kanisa la mwanzo kabisa: inatoa sala ya Bwana, kisha inasema salini hivi mara tatu kwa siku. Haisemi saa ngapi. Saa tunazipata kwingine, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo sisi wenye Kiswahili tunalipita kila siku bila kulitazama.

Fungua Matendo ya Mitume. Petro na Yohana wanapanda kwenda hekaluni, saa ya kusali, saa tisa. Siku ya Pentekoste watu wanadhani mitume wamelewa, Petro anawaambia hata haiwezekani, ndiyo kwanza saa tatu. Baadaye Petro huyo huyo anapanda darini kuomba, yapata saa sita. Katika Injili ya Marko Bwana anasulubiwa saa tatu, giza linaingia saa sita, na saa tisa analia kwa sauti kuu. Msomaji wa lugha nyingi za dunia akifika hapo lazima asimame kukokotoa: saa tisa ya Biblia kwetu ni saa ngapi? Hutafuta maelezo chini ya ukurasa. Wewe huhitaji. Saa tisa ni saa tisa, alasiri, jua limeanza kushuka. Tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, kama walivyohesabu wao. Bwana alipouliza, je, saa za mchana si kumi na mbili, sisi tunaweza kumjibu bila kuwaza: ndiyo, Bwana, ni kumi na mbili.

Wakristo wa kale walizishika saa hizo tatu. Sipriani, askofu wa Karthago aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, alieleza kila moja inakumbuka nini: saa tatu Roho alishuka, saa sita Bwana alisulubiwa, saa tisa aliikamilisha kazi yake. (Ndiyo, hesabu yake ya saa ya kusulubiwa inatofautiana na ya Marko. Tuwaachie wataalamu.) Baadaye wamonaki, yaani watawa wa kiume, wakaziita kwa Kilatini Tertia, Sexta na Nona, maana yake ya tatu, ya sita, ya tisa, basi. Waingereza mpaka leo neno lao la adhuhuri, "noon", linatokana na hiyo Nona. Saa tisa yao ilisogea, ikasogea, ikaja kutua saa sita. Ukikumbuka kwamba siku za mfungo wamonaki hawakula mpaka wamesali Nona, utakisia mwenyewe ni kitu gani kilichokuwa kinaisukuma.

Nikatega kengele tatu kwenye simu. Hapo pia nikatabasamu, maana simu inaandika 9:00 nami nasoma saa tatu, inaandika 3:00 nasoma saa tisa. Namba mbili zimebadilishana viti, na kichwa changu kinazirudisha mahali pake kila siku bila mimi kujua.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Siku ya kwanza kengele ya saa tatu ilinikuta bafuni. Ya saa sita ikanikuta kwenye foleni, nimeshasimama tayari, kwa hiyo nikajihesabia nimetimiza. Wiki ya pili kidole gumba kilikuwa kimejifunza kuizima kengele kabla macho hayajaiona. Nilipiga hesabu jioni moja nikagundua siku nzima sikusali hata mara moja, na kengele zote tatu zililia.

Halafu ikaja siku moja, saa tisa kasoro. Mtu ninayefanya naye kazi alikuwa ameichukua kazi yangu ya wiki mbili akaiwasilisha kama yake, mbele yangu, nami nikakaa kimya kwa mshangao. Sasa nilikuwa namwandikia. Ujumbe mrefu, wenye aya. Vidole vinakimbia. Nimefika pale pa "na kwa taarifa yako", na kila mtu anajua kwamba baada ya maneno hayo hakuna jema linalofuata. Kengele ikalia.

Nilitaka kuizima. Nikakumbuka habari aliyoiandika Yohane Kasiano, mtu wa karne ya tano aliyeishi miaka mingi na wamonaki wa Misri. Anasema mmonaki aliyekuwa akiandika, akisikia mlango unagongwa kumwita kwenye sala au kazi nyingine, hakuthubutu hata kuimaliza herufi aliyokuwa ameianza. Anainuka, herufi inabaki nusu. Benedikto naye, katika kanuni aliyowaandikia wamonaki karne ya sita, aliagiza vivyo hivyo: ishara ya sala ikisikika, acha kilicho mkononi, uende haraka.

Nikaiweka simu mezani. Nikasimama dirishani. Baba yetu uliye mbinguni, nikaenda vizuri mpaka kwenye "utusamehe makosa yetu". Hapo nikakwama. Unajua kinachofuata. Nilisimama pale muda mrefu kuliko sala yenyewe.

Niliporudi, kwenye kioo palikuwa pameandikwa "na kwa taari", mstari mdogo unawaka na kuzimika mwishoni ukinisubiri nimalizie. Nikaufuta ujumbe wote. Sikugeuka mtakatifu, kesho yake nilimwendea nikamwambia uso kwa uso kwamba hakunitendea haki. Ila niliyasema kwa sentensi tatu, naye akanisikiliza, na sidhani angeusoma ujumbe ule mpaka aya ya pili.

Wako ndugu wanaopenda njia nyingine za kale, na ni njema: kulisoma Neno polepole na kulitafuna, kuipitia siku yako jioni mbele za Mungu, kurudia jina la Yesu kwa kufuata pumzi. Kila mtu na mlango wake. Mimi nakupa huu tu wa saa hizi tatu, kwa kuwa hauhitaji kitabu, wala chumba cha peke yako, wala mwalimu. Unahitaji miguu. Na kama miguu yako ni migonjwa, au umelazwa, nyanyua kichwa kutoka kwenye mto, au mkono. Hata wa Nikea, naamini, wangekukubalia.

Ukizisahau kengele siku tatu mfululizo, endelea siku ya nne kama hujakosa kitu. Usilipize. Ukisali Baba Yetu tisa kwa mkupuo ili kufidia, umeshairudisha Kwaresima mlangoni.

Kwa wale waliompoteza mtu mwaka huu, ambao neno hili la kufufuka mwaka huu linasikika zito kuliko miaka mingine, nawasalimu kwa namna ya pekee. Wanawake walikwenda kaburini wakiwa bado wanalia, na wao ndio waliopata habari wa kwanza. Simameni mnavyoweza. Tuko pembeni yenu.

Jioni ya Pentekoste ndugu zetu Waorthodoksi wana ibada ambamo wanapiga magoti tena kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Nimekuwa nikiiwaza sana. Lakini hiyo ni mbele. Kwa sasa tumesimama.

Heri ya Pasaka, leo na siku zote zilizobaki. Tukutane Pentekoste, saa tatu.