Jiki inafia barazani

Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye maduka wa mjini, na ikiwa wakaguzi wa bidhaa nao watanisikia, nitashukuru.

Mimi ni dobi, Mwembetanga. Kazi nimeirithi kwa baba. Nafua kanzu, mashuka ya nyumba za wageni za Mji Mkongwe na vitambaa vya meza, karibu vyote vyeupe, kwa hiyo jiki ndiyo mtaji wangu. Kaskazi ikishakolea huanza lalamiko lile lile, kwa madobi wenzangu na kwa akina mama wanaofua majumbani: jiki ya siku hizi maji matupu, imechakachuliwa. Sikatai, wachakachuaji wapo. Lakini naamini nyingi ya jiki tunazozilaani zilitoka kiwandani nzima. Zimekufa njiani, na zaidi zimekufa dukani.

Itazame safari yake. Inapakiwa Bara, inakaa ndani ya kontena, inavuka maji, inasubiri bandarini, kisha inaingizwa ghala la bati lisilo na dari. Ikifika dukani, mwenye duka anaipanga nje barazani, jua la saa nane linaipiga, kwa kuwa ndani kuna mchele na unga na hataki vishike harufu. Hilo la harufu namuelewa. Ila kinachoweza kukaa barazani ni mafagio na ndoo. Jiki haiwezi.

Nina mpwa wangu anatunza mabwawa ya kuogelea kwenye hoteli za Kiwengwa, naye mambo haya ameyasomea. Nilipomuuliza kwa nini jiki ya Januari hainisaidii kama ya Julai, alinijibu: "Mjomba, hii asili yake ni chumvi. Imelazimishwa kuwa kitu chengine, na kila siku inatafuta njia ya kurudi kwao." Akanieleza kwamba klorini hutolewa kwenye maji ya chumvi kwa umeme, ikachanganywa na kostiki soda, ikapatikana hiyo sodiamu haipokloraiti iliyoandikwa kwenye chupa. Ikikaa, inavunjika polepole, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni chumvi isiyong'arisha kitu. Joto ndilo linaloiharakisha. Kila joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuharibika huongezeka mara tatu na zaidi. Sasa pima mwenyewe chumba chenye kivuli na hewa cha nyuzi 25, na ghala la bati la mwezi wa Januari.

Mwanga nao una kazi yake. Hata pasipokuwa na joto kali unaivunja, ndiyo maana viwanda huitia kwenye chupa nzito usizoweza kuona ndani. Katika kuvunjika huko hutoka hewa ya oksijeni. Ukiona chupa imevimba dukani, usidhani imejaa vizuri.

Basi hapo ndipo linaponichoma jambo la chupa za maji. Watu wananunua dumu, wanamimina jiki kwenye chupa za maji ya kunywa zilizookotwa, angavu kama kioo, na kuziuza rejareja hapo hapo juani. Hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna anayejua ina ukali gani. Na mtoto akirudi skuli na kiu, ataona chupa ya maji. Sijui kwa nini biashara hii inaachwa.

Wengine hudhani dawa yake ni kununua ile kali kabisa ya dumu, ya asilimia 10 au 12, wakaiweka akiba. Kinyume chake: kadiri inavyokuwa kali ndivyo inavyopoteza nguvu upesi. Mpwa wangu klorini ya majimaji kama hiyo haiwekei akiba hata kidogo. Akiba yake ni ya poda, kalsiamu haipokloraiti ya asilimia 65 hadi 70, ambayo ikiwa kavu hudumu muda mrefu. Nayo ina masharti yake, kwani ikikutana na mafuta, petroli au hata karatasi inaweza kuwasha moto. Kwa kanzu siitaki, inaacha chokaa.

Mimi jiki yangu inakaa chini ya ngazi, ndani, kwenye sakafu ya saruji, katika chupa iliyokuja nayo. Siimimini kwenye chombo cha bati wala shaba, maana kutu na shaba huichochea ivunjike. Nanunua ya kunitosha wiki chache, na wakati wa kaskazi napunguza zaidi. Iliyochanganywa na maji ni ya siku hiyo tu. Jioni iliyobaki naimwaga, hata roho ikiniuma. Kabla ya kutia shuka la mtu naijaribu kwa kitambaa kilichochovywa chai ya rangi. Ikiwa hai, doa halikai. Ikisuasua, naijua imekwisha, na kuongeza vikombe juu ya vikombe ni kuitesa nguo kwa kostiki na chumvi.

Nitoke nje ya mada kidogo, kwa sababu nimelisikia hata kwa watu wazima: kutia ndimu au siki ndani ya jiki ili "ikaze". Msifanye hivyo. Ile kostiki ndiyo inayoishikilia klorini isitoke. Ukitia kitu kikali kama ndimu, klorini inapanda hewani na inaunguza kifua. Dawa nyingi za kusugulia choo zina asidi, zina hatari hiyo hiyo. Ndimu ni ya doa la kutu, peke yake, kisha suuza. Jiki juu ya kutu hulizidisha doa.

Lakini Mhariri, isingekuwa kanzu peke yake nisingekushughulisha. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mimi jiki ikifa naona. Shuka linabaki na manjano, mwenye nyumba ya wageni anarudi kunigombeza. Jirani yangu ni mfanyakazi wa usafi katika kituo cha afya. Yeye amefundishwa, na amefundishwa sawa: jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, apate asilimia 0.5 ya kufutia damu na matapishi. Hesabu hiyo inategemea kwamba ndani ya chupa mna 3.5 kweli. Ikiwa imebaki nusu, ndoo yake nayo ina nusu, na sakafu haina manjano ya kumwambia. Harufu haimsaidii, kwani hata jiki dhaifu inanuka. Sisi tuliopitia kipindupindu cha 2015 na 2016 tunajua ndoo ile ilikuwa na kazi gani mlangoni.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni haya. Wakaguzi wanapopita madukani kutazama tarehe ya kumalizika, watazame pia jiki imewekwa wapi, na waitake tarehe ya kutengenezwa isomeke kwenye kila chupa. Hiyo ndiyo inayonieleza mimi zaidi: jiki iliyotengenezwa juzi na iliyokaa karibu mwaka mzima ghalani zinaweza kuwa zote hazijapitwa na wakati, na kazi zake zikatofautiana mno. Chupa za maji zizuiwe kabisa. Wanaonunua kwa ajili ya vituo vya afya wapokee mzigo mdogo mara nyingi, wa zamani utumike kwanza, usije wa mwaka mzima ukaanikwa chini ya bati.

Na wewe mwenye duka, ndugu yangu, kama ndani ni padogo, tia hata gunia juu yake na uisogeze upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Mchele wako hautanuka, na wateja wako tutaacha kukuita mchakachuaji.

Dobi wa Mwembetanga,
Unguja