Malalamiko kuhusu onyesho la wasanifu majengo lililowasahau wasanifu majengo

Kinondoni,
Dar es Salaam.
9 Septemba 2024

Meneja,
Idara ya Maonyesho na Matukio,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ONYESHO LENU LA TAREHE 31 AGOSTI 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni msanifu majengo mstaafu, na kwa miaka sita sasa nafundisha vipindi vya historia ya usanifu katika chuo kimoja hapa jijini. Jumamosi tarehe 31 Agosti niliwaleta wanafunzi wangu 11 kwenye onyesho lenu, baada ya kusoma tangazo lililoahidi kwamba tungeona majengo ya mwanga, sauti na hewa yaliyobuniwa na wasanifu majengo wa zama za mahipi, kuanzia mwaka 1966 hadi 1975. Kiingilio kilikuwa Sh. 35,000 kwangu na Sh. 20,000 kwa kila mwanafunzi, na kosta tuliikodi kwa Sh. 90,000. Jumla ni Sh. 345,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka mifukoni mwa vijana wenyewe.

Napenda ieleweke tangu mwanzo kwamba silalamikii kelele, foleni, wala soda ya Sh. 4,000. Nalalamika kwa sababu mmeuza kitu kimoja mkatoa kingine. Tangazo lilisema wasanifu majengo, lakini ndani ya ukumbi tulikuta taa za rangi, muziki wa zamani na kuta za kupigia picha, na pale wasanifu walipotajwa, walitajwa kimakosa.

Naanza na kosa lililonichoma zaidi. Karibu na mlango mlitundika bango kubwa lenye jina Ant Farm, na chini yake maelezo kwamba hao walikuwa jumuiya ya wakulima vijana wa California waliokuwa wakiandaa tamasha baada ya mavuno. Ndugu Meneja, hapo hapakuwa na shamba wala mavuno. Ant Farm ni kundi lililoanzishwa San Francisco mwaka 1968 na wasanifu majengo wawili, Chip Lord na Doug Michels, na baadaye Curtis Schreier akawa nguzo yake ya tatu. Jina lenyewe lilitokana na mzaha: walipokuwa wakieleza kwamba wanafanya usanifu wa chinichini, usiofuata wakubwa, waliambiwa kuwa hiyo ni kazi ya sisimizi, wanaochimba vijia vyao chini ya ardhi, kama wale wa kile kisanduku cha kioo kiitwacho kwa Kiingereza “ant farm”, ambacho watoto wa Marekani hufugia wadudu hao ili wawatazame. Aliyeandika maelezo yenu alitafsiri neno "farm" akaishia hapo.

Mbele ya bango hilo ndipo palipokuwa na kile mlichokiita jengo la hewa. Nilikikagua kwa makini, kwa mkono na kwa macho. Kilikuwa puto la turubai nene la kurukia watoto, la aina tunayoiona kila wiki kwenye sherehe za kuzaliwa, lililofunikwa kitambaa cheupe ili picha za katuni zisionekane. Pembeni, kitambaa kilipokuwa kimeteleza, sikio la sungura lilionekana wazi. Feni yake ilikuwa imechomekwa kwenye waya mmoja na projekta tatu, kwa hiyo umeme ulipokatika saa mbili kasorobo puto lililala taratibu juu ya vijana wawili waliokuwa ndani, na hapakuwa na mtumishi wenu hata mmoja aliyekuwa karibu kuwafungulia njia. Hawakuumia, wala simaanishi kulikuza jambo hilo.

Ninachosema ni kwamba puto lile halikufundisha chochote. Majengo ya hewa ya Ant Farm yalitengenezwa kwa karatasi ya nailoni iliyo nyepesi na ya bei ndogo, iliyounganishwa kwa mikono na kujazwa hewa kwa feni, na baadhi yalikuwa mito mikubwa ya futi 50 kwa 50, yaani kama mita 15 kila upande. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitoa hata kijitabu cha maelekezo ili mtu yeyote aweze kujitengenezea lake. Hoja yao ilikuwa ya kisanifu kabisa: jengo lisilo na msingi, lisilo na pembe, linaloweza kubebwa kwenye gari na kusimamishwa asubuhi moja, na ambalo anayeingia ndani hawezi kutembea kama alivyozoea kwa sababu sakafu inampokea na kumrudisha. Mwaka 1970 walisimamisha mojawapo katika chuo kikuu cha Berkeley na kulifanya kimbilio la hewa safi, wao wenyewe wakiwa wamevaa barakoa za gesi na kuwahimiza wapita njia waingie kabla hewa ya nje haijawaua. Kwa gharama ya kukodi lile puto la sungura kwa siku moja mngeweza kununua marobota ya nailoni pale Kariakoo, na wanafunzi wangu 11 wangewaunganishia jengo la kweli bila malipo. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu mwaka jana tulijaribu uwanjani chuoni, likasimama kwa saa tatu.

Katika chumba cha pili mlionyesha gari likipasua ukuta wa televisheni zinazowaka moto, kipande cha sekunde chache kinachojirudia bila maelezo yoyote, huku watu wakipiga picha mbele yake. Tendo hilo lilifanyika tarehe 4 Julai 1975 kwenye eneo la maegesho ya ukumbi wa Cow Palace, kando ya San Francisco, nalo pia ni kazi ya Ant Farm, jambo ambalo hamkulitaja. Gari lilikuwa Cadillac ya mwaka 1959 iliyofanyiwa marekebisho makubwa, na Michels na Schreier waliokuwa ndani hawakuweza kuona nje. Waliliendesha kwa kutazama skrini ndogo iliyounganishwa na kamera iliyofungwa kwenye pezi la nyuma. Kabla ya hapo mwigizaji aliyevaa kama Rais Kennedy alihutubia umati, na waandishi wa vituo vya televisheni vya mji huo walialikwa, kisha taarifa zao za habari za jioni zikaingizwa ndani ya kazi yenyewe. Ukiyaondoa hayo yote linabaki gari linalogonga vitu, na hilo mwanafunzi wangu analiona bure Barabara ya Morogoro.

Chumba cha tatu kilihusu Banda la Pepsi katika maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970. Nilikitarajia sana chumba hiki, kwa kuwa kila Mtanzania aliyewahi kwenda Sabasaba anajua banda la kampuni ni kitu gani, na hapo ingekuwa rahisi kuwaeleza wageni wenu tofauti kati ya banda la kutangazia bidhaa na banda ambalo lenyewe ni kazi ya sanaa. Lilitengenezwa na kundi la E.A.T., wasanii na wahandisi walioanza kushirikiana kutokana na zile jioni tisa za maonyesho ya sanaa na uhandisi huko New York mwezi Oktoba 1966, wakiongozwa na mhandisi Billy Klüver. Ndani kulikuwa na kioo cha kujitazamia chenye umbo la kuba na kipenyo cha futi 90, kilichotengenezwa kwa utando mwembamba unaong'aa na kushikiliwa kwa hewa inayofyonzwa nyuma yake, kiasi kwamba mgeni aliiona sura yake mwenyewe ikielea hewani juu ya kichwa chake, miguu juu. Nje, msanii wa Kijapani Fujiko Nakaya alilifunika paa lote kwa ukungu wa maji safi yaliyosukumwa kwa nguvu kupitia vitundu vidogo mno.

Ninyi mlileta mashine ya moshi ya kwenye harusi. Wanafunzi wangu wanne walitoka nje wakikohoa, na jina la Bi Nakaya halikuwepo popote, si ukutani wala katika kijitabu cha Sh. 15,000 nilichokinunua mlangoni. Zaidi ya hayo, maelezo yenu yalisema kwamba kampuni ya Pepsi na wasanii walifanya kazi kwa maelewano hadi mwisho wa maonyesho. Si kweli. Walikosana juu ya gharama za uendeshaji muda mfupi baada ya ufunguzi, kampuni ikalichukua banda na kuliendesha kwa programu yake yenyewe. Naelewa kwa nini kampuni inayoandaa matukio kwa fedha za wafadhili isingependa kulisimulia tukio hilo, lakini ndilo funzo ambalo kijana anayeingia katika taaluma hii analihitaji kuliko ule moshi.

Kuhusu Italia, mliweka mwanga wa disko na mpira wa vioo, na kibao kinachosema kwamba wenye kumbi za usiku waliajiri wapambaji. Huko Florence mambo yalikuwa kinyume. Profesa Leonardo Savioli aliwapa wanafunzi wake wa usanifu, katika mwaka wa masomo 1966/67, kazi ya kubuni kumbi za namna hiyo kama mada kamili ya usanifu, na mwaka 1969 wasanifu wa kundi la 9999 walianzisha ukumbi wao wenyewe, Space Electronic, katika karakana ya zamani ya injini iliyokuwa imeathiriwa na mafuriko ya mto Arno ya mwaka 1966. Darini walitundika parachuti, na wageni walikalia mapipa ya mashine za kufulia. Mwaka 1971, wakishirikiana na Superstudio, kundi jingine la wasanifu wa Florence, walipanda bustani ya mboga ndani ya ukumbi huo huo. Picha ya bustani hiyo imo katika kijitabu chenu ukurasa wa 22, na maelezo chini yake yanasema ni hoteli.

Kundi la wasanifu la Haus-Rucker-Co wa Vienna, na lile tufe lao la mita 8 lenye minazi ya bandia lililochomoza dirishani huko Kassel mwaka 1972, wametajwa kwenye tangazo tu. Ndani ya ukumbi hatukuwaona.

Kwa hayo yote naomba mambo matatu. Kwanza, mrudishe viingilio vyetu 12 na bei ya kijitabu, jumla Sh. 270,000, gharama ya kosta nitaibeba mwenyewe. Pili, msahihishe maelezo ya ukutani kabla onyesho halijahamia Arusha na Mwanza kama mlivyotangaza, na niko tayari kuyapitia bila malipo. Tatu, kijitabu kisiendelee kuuzwa kama kilivyo. Nisipopata jibu la maandishi nitalazimika kulipeleka suala hili Tume ya Ushindani, ingawa ningependa tulimalize baina yetu.

Nitashukuru kupata jibu lenu kabla ya tarehe 20 Septemba. Wanafunzi wanakusanya kazi zao za muhula siku tatu baadaye, na wawili kati yao, wakitegemea bango lenu, tayari wameandika kwamba Ant Farm walikuwa wakulima.

Wako mtiifu,

(Sahihi)
Msanifu majengo mstaafu

Viambatanisho: nakala za tiketi 12, tangazo, kijitabu chenye masahihisho yangu kwa kalamu nyekundu.