Mama asiachiwe tu kwamba ni uzee

Mikindani, Mtwara

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, msimu wa korosho umeshika kasi. Barua yako imenikaa moyoni. Unasema mama anauliza jambo lile lile asubuhi nzima, na majirani huko Lindi wengine wanasema ni uzee, wengine amerogwa. Somo, mimi sikubaliani nao wote.

Uzee hupunguza kasi ya akili, ni kweli. Mtu hutafuta jina la jirani, likamjia baadaye. Lakini kuuliza tena alichojibiwa sasa hivi, au kupotea njia ya sokoni aliyoizoea, hiyo ni dalili ya kumpeleka akapimwe.

Bibi yangu alianza hivyo hivyo. Leo hakumbuki kama amekula, lakini mpe miyaa ya kusukia mkeka umwone: vidole vinakwenda, ukili unatoka umenyooka, chane ikiisha anapachika nyingine bila hata kutazama. Nikatafuta sababu, ndipo nikasoma habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kutibiwa kifafa. Aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili, yaani sehemu za ubongo zinazosaidia kuweka kumbukumbu mpya, na tangu hapo jambo jipya halikumkaa kichwani. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota kwa kuitazama kiooni. Kila siku alisema hajawahi kuifanya, na kila siku mkono wake ulizidi kuwa hodari! Kumbe ujuzi wa mikono ubongo unautunza kwingine. Na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu polepole, huivamia hipokampasi mapema.

Wala haya si ya Wazungu peke yao. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walikuta takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kipimo kilichotengenezwa huko hakimdai mzee kujua kusoma: anapanga njiti za kiberiti kwa kuiga, anataja wanyama, anaulizwa maneno aliyoambiwa punde.

Mpeleke hospitali ya mkoa. Wamwangalie presha, sukari na masikio, maana presha na usikivu hafifu huongeza hatari. Waulize pia kuhusu vitamini B12 na tezi ya shingo. Kusahau kwa sababu hizo kuna matibabu. Na tafadhali, usimwambie “si nimeshakujibu?” Mjibu tena. Ufuta ukiletwa, mwachie ungo apepete.

Nikishauza korosho nakuja. Mkipangiwa siku kabla ya hapo, nijulishe tumpeleke wote.

Somo yako